Barua Kuhusu Mashine ya Yeyo

Miaka hiyo nilikuwa nasoma shahada ya uzamili katika chuo kimoja chini ya Mlima Meru, upande wa Tengeru, na kazi yangu ilikuwa kuunganisha nyuzi za kioo. Watu wengi wanazijua kwa jina la faiba, zile nyaya zinazofukiwa kando ya barabara ya Moshi kupeleka intaneti. Ndani ya waya mmoja kuna nyuzi nyingi, kila mmoja mwembamba kama unywele, na mwanga haupiti katika unywele wote. Unapita katikati kabisa, kwenye njia nyembamba kuliko chembe ya unga. Nilikuwa natafuta namna rahisi ya kuuweka uzi mmoja mbele ya mwingine ili njia hizo mbili zitazamane, kisha kuzigandisha kwa gundi kabla hazijasogea. Mashine za kufanya kazi hiyo zipo, lakini chuo chetu hakikuwa nazo. Tulikuwa tunajaribu kutengeneza ya kwetu, kwa vyuma vilivyochongwa Arusha mjini na skrubu za kuzungusha kwa vidole.

Nilikuwa nazungusha skrubu huku nimebana pumzi, macho kwenye mita ya mwanga, mpaka namba ifike juu kabisa. Hapo nilidondosha gundi, nikawasha taa ya kuikausha, nikasubiri. Asubuhi namba ilikaa. Kuanzia saa nne hivi ilianza kuteremka polepole, hata gundi haijashika, na mpaka saa tisa alasiri sikuweza kupata kiungo kimoja cha maana. Jua likielekea kuzama, ilitulia tena.

Niliharibu viungo vingi sana. Wenzangu walikuwa wameanza kuandika, mimi nina daftari la namba zinazoshuka. Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole, anayeongea taratibu na kufuta miwani yake kila anapofikiri. Hakuwahi kunifokea. Kila Ijumaa aliniuliza tu, "Umefika wapi?" na kila Ijumaa nilikuwa sijafika popote.

Nyuma ya ukuta wa maabara yetu, hatua kama hamsini hivi, kulikuwa na mashine ya kukoboa na kusaga. Mwenyewe alikuwa mwanamke wa Kiarusha aliyepita miaka hamsini, mrefu, mwenye unga kwenye nyusi kuanzia asubuhi. Kila mtu alimwita Yeyo, yaani mama. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa kwa kelele za injini, kwa hiyo ukitaka kuzungumza naye ulisimama kushoto kwake, na yeye alijibu kwa sauti kubwa kana kwamba wewe ndiye usiyesikia. Alikuwa hapo kabla ukuta wa chuo haujajengwa. Kiwanja kilikuwa cha chuo, ila alikuwa ameruhusiwa kukitumia na hakuna aliyekumbuka ni nani aliyemruhusu.

Nilimfahamu kwa sababu mama mwenye nyumba niliyopanga Maji ya Chai alisagisha kwake, na mara nyingine nilimsindikiza. Yeyo aliniita mwalimu. Nilimwambia mimi ni mwanafunzi, akasema mtu mzima anayekaa darasani mpaka jioni ni mwalimu.

Mwezi wa kumi na moja, nikiwa nimechoka, nilisikia injini yake ikiwaka saa nne kasoro, na dakika chache baadaye namba yangu ikaanza kushuka. Niliandika muda kwenye daftari. Kesho yake vile vile. Siku ya tatu vile vile. Nilihisi mwili mzima umekuwa mwepesi. Kumbe si mikono yangu. Kumbe si gundi wala akili yangu ndogo. Ni mashine ya Yeyo inayotikisa ardhi.

Nilikwenda kwake siku ya gulio. Kulikuwa na foleni ya wanawake wenye madebe na mifuko, wengine wametoka mbali.

"Shikamoo Yeyo."

"Marahaba mwalimu. Leo umeleta mahindi mwenyewe?"

"Hapana. Nina ombi. Naomba uzime mashine saa moja tu."

Alinitazama, halafu akaitazama foleni. "Saa moja? Kwa nini?"

"Nataka kupima kitu. Kama mtikisiko wa mashine yako unafika kule kwetu."

Nilimwambia ukweli huo, na sidhani kama aliuelewa kwa namna niliyouelewa mimi. Alidhani nataka msaada. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaenda nyuma, injini ikazimika. Masikio yangu yakabaki yanavuma. "Mama zangu, pumzikeni kidogo," akawaambia wanawake. "Mwalimu ana mtihani wake." Mmoja akalalamika kwamba ana mtoto nyumbani. Yeyo akamjibu kwamba saa moja haimuui mtoto, na wakacheka, wakakaa chini kwenye kivuli cha banda.

Nilikimbia kurudi maabara. Nilipanga nyuzi, namba ikafika juu, ikakaa. Nusu saa nzima ikakaa. Niligandisha kiungo saa sita mchana kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ile, na kilikuwa kizuri kuliko vyote.

Kuna jambo moja lazima niliseme hapa. Siku ile mawingu yalikuwa yameteremka kutoka mlimani, mazito, yamefunika mpaka miti ya chuo. Niliyaona. Hata taa ya mezani niliiwasha mchana huo kwa sababu chumba kilikuwa kimekuwa giza. Niliandika kwenye daftari namba, muda, na maneno "mashine imezimwa." Mawingu sikuyaandika.

Ijumaa nilimpelekea msimamizi wangu grafu mbili, moja ya mashine ikiwa inafanya kazi, nyingine ikiwa imezimwa. Alizitazama kwa muda mrefu.

"Mtikisiko unatikisa," akasema. "Mstari ungekuwa unacheza juu na chini. Huu mbona unateremka tu?"

"Mita inachukua wastani, mzee. Haiwezi kuonyesha mchezo wa haraka."

Nilijibu upesi, kama mtu aliyekuwa analisubiri swali hilo. Na kweli nilikuwa nalisubiri, kwa sababu nilikuwa nimeshajiuliza mwenyewe nikiwa natembea kwenda nyumbani, na nilikuwa nimeamua kutojijibu.

"Umerudia?" akauliza.

"Nimerudia."

Sikuwa nimerudia. Nilifanya mara moja tu, ile saa moja.

"Basi andika," akasema.

Niliandika barua ya ukurasa mmoja kwa ofisi ya utawala. Nilisema mtikisiko wa mashine ya kusaga iliyo nyuma ya ukuta umethibitika kuharibu vipimo, nikaambatanisha grafu. Nilidhani wataongea naye, labda wampangie saa. Sikujua kwamba ofisi ilikuwa inakitaka kile kiwanja siku nyingi kwa ajili ya kuegesha magari ya wafanyakazi, na ilikuwa haina sababu nzuri ya kumwondoa mtu aliyekaa pale miaka yote hiyo. Mimi ndiye niliyewapa sababu, yenye grafu na namba.

Wiki haikupita, mlinzi wa getini akaniita. Yeyo alikuwa amesimama nje ameshika bahasha. Alisema ameletewa barua kutoka kwetu, macho yake hayaoni maandishi madogo, na ndani ya chuo kile hamfahamu mtu mwingine.

Nilisimama kushoto kwake nikamsomea. Barua ilisema kwamba kutokana na matokeo ya utafiti, shughuli za kusaga haziwezi kuendelea jirani na maabara, na kwamba anatakiwa kuondoa mashine yake kabla ya katikati ya Desemba. Sauti yangu haikutetemeka. Mpaka leo nashangaa kwamba haikutetemeka.

"Utafiti upi?" akauliza.

"Wa chuo," nikasema.

Alichukua barua, akaikunja vizuri kwa mikunjo ile ile iliyokuja nayo. "Asante mwanangu," akasema. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza kuniita mwanangu.

Alihama siku mbili kabla ya muda aliopewa. Ndugu zake walikuja na trekta, wakang'oa injini na ile mashine, wakaenda nazo chini, Nduruma. Niliona kupitia dirisha la maabara. Sikutoka.

Siku zile mvua za vuli zilikuwa bado zinaburuta, mawingu karibu kila siku, na vipimo vyangu vilikuwa vizuri. Msimamizi alinipongeza mbele ya wenzangu. Nilikwenda nyumbani Krismasi, kwa wazazi wangu juu huko kwenye migomba na kahawa, na kanisani nilitoa shukrani kwa ajili ya masomo yangu.

Nyumbani kwangu Maji ya Chai, mama mwenye nyumba alikuwa anarudi kutoka kusaga akiwa amechoka, anaweka ndoo chini kwa kishindo. "Chuo chenu kimetuonea," aliniambia siku moja tukila. "Sasa ukitaka dona la kweli unapanda pikipiki. Au unameza huu wa dukani." Akanisogezea ugali. Nilikula. Nilimuuliza kama chumvi ipo.

Januari ilipoishia mawingu yaliondoka, mlima ukabaki wazi kutwa nzima. Na namba zangu zikaanza kushuka tena. Saa nne, polepole, mpaka alasiri. Nyuma ya ukuta palikuwa kimya, isipokuwa magari mawili matatu yaliyoegeshwa, pamoja na ndege kwenye uzio.

Kwa siku kadhaa nilitafuta kingine cha kulaumu. Malori ya barabarani. Pampu ya maji. Halafu mchana mmoja wa mwezi wa pili niliegemea meza kusoma mita kwa karibu, kiganja changu kikawa jirani na kibano kinachoshika uzi. Sikukigusa. Namba ikashuka. Nikaondoa mkono, baada ya muda ikarudi. Nikaweka tena, ikashuka tena. Joto la kiganja tu. Kibano kilikuwa cha aluminiamu na kitako chake cha chuma cha pua. Vikipata joto, kimoja kinatanuka kuliko kingine, na uzi unasogea kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Chumba chetu kilikuwa na dirisha kubwa la upande wa mashariki na bati juu. Jua la asubuhi lilikuwa limeshakipasha chumba joto kufikia saa ile ile ambayo Yeyo alikuwa akiwasha injini, na bati likaendeleza mpaka alasiri.

Nilikaa chini. Safari hii nilirudia. Nilirudia siku nne mfululizo, na mashine ya kusaga ikiwa haipo kabisa, na kila nilipofunika dirisha kwa blanketi namba ilikaa.

Nilimweleza msimamizi wangu ofisini kwake. Alifurahi, kwa sababu haya sasa yalikuwa matokeo ya kweli. Tungebadilisha kibano, tungeweka kifuniko, na hilo lingewafaa hata wengine wanaofanya kazi kwenye vyumba visivyo na kiyoyozi. Halafu akavua miwani.

"Uliniambia ulirudia."

"Ndiyo mzee."

"Ulirudia?"

"Hapana. Ilikuwa mara moja."

Alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko kawaida. Sikusikia hasira. Heri ningesikia hasira. "Mimi pia niliona mstari unateremka," akasema mwishowe, "nikakubali kwa sababu nilitaka umalize. Hilo ni langu. Lakini barua ni yako. Siwezi kuirekebisha kwa niaba yako."

Nilisema nitairekebisha. Na nilikusudia. Lakini kulikuwa na kuandika tasnifu, halafu kuitetea mwezi wa saba, na ndani yangu nilijua ninachosubiri. Nilikuwa nasubiri nihitimu kwanza. Niliogopa kwamba mtu akijua kuhusu barua ile atauliza ni kitu gani kingine sikurudia.

Mwezi wa nne nilijaribu. Nilichukua mahindi ya mama mwenye nyumba, nikaenda Nduruma. Nilimkuta Yeyo kwenye banda la mabati mapya, wateja watatu. Alinipokea vizuri, akaniuliza habari za mtihani wangu, akanisagia, akafunga mfuko kwa kamba mwenyewe. Nilirudi na unga. Njiani nilijiambia kwamba alikuwa na kazi nyingi. Wateja watatu.

Nilikwenda tena mwezi wa nane, nikiwa nimeshapita mtihani. Ilikuwa siku ya baridi yenye vumbi. Nilisubiri mpaka mwanamke wa mwisho akaondoka, nikasimama kushoto kwake.

"Yeyo, ile barua ya kukuhamisha, aliyesema mashine yako inaharibu kazi ni mimi."

Aligeuka kunitazama usoni, kama afanyavyo akidhani amesikia vibaya. "Wewe?"

"Mimi. Ile saa uliyozima mashine, niliitumia kuandika. Na nilikosea. Haikuwa mashine yako. Ilikuwa jua la dirishani."

"Mimi nilifikiri ni magari," akasema. "Walisema chuo kinataka pa kuweka magari."

"Na magari pia. Lakini mimi ndiye niliyewapa sababu."

Aliweka chini chekeche aliyokuwa ameshika. "Ulijua lini kwamba si mashine?"

"Mwezi wa pili."

"Huu mwezi wa nane."

"Ndiyo."

"Mwezi wa nne ulikuja hapa. Nikakusagia."

"Ndiyo Yeyo."

Alikaa kwenye gunia. Injini ilikuwa imezimwa, na mahali pale palikuwa na ukimya ambao sikuwahi kuusikia kwake. Akasema, si kwa sauti yake kubwa ya kila siku bali chini chini, "Sasa umeniambia ili iweje? Mimi nilishazoea kwamba ni magari. Magari hayanijui. Wewe ulikuwa unanijua."

Nilianza kusema naomba unisamehe, akainua mkono nikaacha.

"Ile uliandika," akasema. "Uliandika kwenye karatasi wakapiga muhuri. Hii unanisemea tu hapa, na mimi sikio moja halisikii. Nenda ukaandike."

Niliandika jioni ile ile, na kesho yake asubuhi nikaipeleka barua ofisi ya utawala. Nilieleza kwamba hitimisho langu la kwanza lilikuwa kosa, kwamba nilipima mara moja nikasema nimerudia, kwamba chanzo kilikuwa joto, na kwamba mwenye mashine hakuwa na kosa lolote. Niliomba aruhusiwe kurudi. Karani aliisoma mbele yangu mara mbili na akaniuliza kama nina uhakika nataka kuiwasilisha. Alinigongea muhuri kwenye nakala.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu, mistari michache. Walinishukuru kwa taarifa. Kiwanja kilikuwa kimeshapangiwa matumizi mengine.

Nilimpelekea Yeyo nakala ya barua yangu pamoja na majibu yao. Safari hiyo kulikuwa na wanawake kama sita, na mama mwenye nyumba wangu alikuwa mmoja wao, jambo ambalo sikulitegemea. Yeyo hakunipeleka pembeni. Alizima injini. "Soma," akasema.

Nilisoma barua yote, tangu tarehe mpaka saini. Nilipomaliza akasema, "Rudia pale ulipokosea." Nikarudia. Mwanamke mmoja akauliza kutanuka kwa chuma ni kitu gani, nikaeleza, nikatumia mfano wa mfuniko wa sufuria unaobana ukiwa wa moto. Nilimsomea Yeyo na yale majibu ya ofisi. Aliyasikiliza mpaka mwisho, akachukua karatasi zote, akazitia kwenye mfuko wa plastiki uliokuwa unaning'inia kwenye nguzo, akaenda kuwasha injini. Hakuniambia niondoke, wala nikae.

Mama mwenye nyumba alirudi nami kwa miguu mpaka barabara ya lami. Tulipofika akaniuliza tu, "Siku ile tunakula, ulikuwa unajua?"

Nikamwambia siku ile nilikuwa sijajua kwamba nimekosea, ila barua nilijua ni yangu.

"Mm," akasema.

Niliendelea kupanga kwake mwaka mmoja zaidi. Hakubadilika katika mambo ya nyumba, alinipikia nilipougua malaria, lakini hakuwahi tena kunilalamikia jambo lolote la chuo, na nilikosa malalamiko yake.

Sasa nafundisha katika chuo kingine, huku huku Arusha. Kibano tulichokitengeneza kinafanya kazi, kimewafaa watu. Kwenye tasnifu yangu, ile iliyoko maktaba, kuna sentensi moja katika sura ya tatu inayosema kwamba vyanzo vya mtikisiko vya jirani viliondolewa kabla ya vipimo vya mwisho. Niliiandika wakati nikiwa najua tayari, kwa sababu ilikuwa kweli kwa maneno, na kwa sababu ilisomeka vizuri. Niliomba kuibadilisha, nikaambiwa nakala imeshajalidiwa. Niliandika karatasi ndogo ya masahihisho nikaibandika ndani kwa mkono wangu. Sijui kama ipo mpaka leo.

Yeyo bado yuko Nduruma. Nasikia sikio la pili nalo limeanza kumsumbua. Nikipita huko humsalimia, na huitikia marahaba yake kama anavyomwitikia kila mtu. Hajaniita tena "mwanangu", wala "mwalimu". Sijamuuliza kama amenisamehe. Zamani nilidhani siulizi kwa sababu namheshimu. Siku hizi nafikiri ni kwa sababu nalijua jibu, na kwamba akinijibu nitakuwa nimemwongezea kazi nyingine.